Gari limekuja, oili iliyomo huijui: soma dalili kabla ya kumwaga

Ukishakabidhiwa ufunguo wa gari lililotumika, liwe limeshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, mwezi uliopita au limeuzwa na jirani hapo Tudor, ushauri wa kwanza utakaousikia ni huu: mwaga kila kitu, tia kipya. Ushauri wenyewe si mbaya. Kasoro yake ni kuwa oili chafu, kulanti (maji ya kupozea injini) yenye kutu na mafuta ya breki yaliyogeuka rangi ndiyo daftari la hospitali la gari hilo, na muuzaji hawezi kulifuta. Anayemwaga kabla ya kutazama huishia na oili safi na ugonjwa uleule, sasa ukiwa umefichika.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kukagua tu. Fungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali palipo sawa. Uwe na tochi na tishu nyeupe. Chomoa dipstiki ya injini na ya giaboksi kama ipo, fungua kifuniko cha oili, fungua redieta, tazama chupa ya mafuta ya breki. Dondoshea tishu tone moja la kila kitu, uandike pembeni limetoka wapi, upige picha. Kazi ya dakika kumi.

Kwanza, gari lako ni lipi hasa?

Jina la gari halitoshi dukani. Chukua Toyota Probox. Lile umbo la zamani, lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2014, likiwa la otomatiki lina giaboksi ya kawaida ya gia 4. Umbo lililofuata, kuanzia 2014, lilikuja na CVT (giaboksi ya mkanda na puli badala ya gia), na baadaye kukaongezwa la haibridi. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Probox linaloshuka bandarini sasa ni la CVT au haibridi, na lile la zamani utalipata kwa mwenye kulitumia hapa nchini. Magari mawili, jina moja, oili za giaboksi mbili zisizochanganyika. Ukimwambia mwenye duka la spea "nipe ya Probox" atakupa anayoiuza zaidi.

Jibu liko kwenye bamba la chesisi, chini ya boneti kwenye ukuta wa injini au kwenye nguzo ya mlango. Toyota huandika TRANS/AXLE kisha namba. Kwenye magari yao madogo, namba inayoanza na K, mfano K310, ni CVT. Inayoanza na U, mfano U340, ni otomatiki ya kawaida. C ni ya gia za mkono. Piga picha ya bamba zima, uende nayo dukani.

Kingine cha kutafuta ni kibandiko cha sevisi cha Kijapani, mara nyingi pembeni mwa mlango wa dereva au chini ya boneti. Maandishi huyasomi, lakini tarakimu unazisoma. Mwaka wenye H mbele, ongeza 1988: H30 ni 2018. Wenye R, ongeza 2018: R4 ni 2022. Pembeni yake utaona kilomita. Kibandiko huandikwa kilomita za siku ya sevisi au za sevisi inayofuata, na kati ya hizo mbili tofauti huwa kilomita elfu chache, kwa kawaida 5,000. Sasa ukiona kibandiko kinasema 82,000 na dashbodi inasema 61,000, mileji imerudishwa nyuma. Hapo acha kuhesabu sevisi kwa dashbodi. Kila kitu kichukuliwe kuwa kimepitwa na wakati.

Oili ni nyeusi na chini ya kifuniko kuna tope

Weusi peke yake hausemi mengi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kutiwa, na hiyo ni kazi yake. Kwa injini ya petroli, tazama chini ya kifuniko na ndani ya tundu kwa tochi. Rangi ya kahawia inayong'aa ni umri wa kawaida. Utando mweusi unaokwanguka kwa kucha ni tope la oili iliyopitishwa muda mara nyingi.

Kosa linalofanywa hapa ni kutia dawa ya kusafisha injini na kuiacha ingurume. Tope linang'oka kwa mkupuo, linashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), linaziba chujio la pampu, na taa nyekundu ya oili inawaka ukiwa katikati ya daraja la Nyali. Njia salama ni ya polepole: tia oili ya daraja sahihi na filta mpya, endesha kilomita 1,000 hadi 1,500, mwaga, rudia tena mara mbili. Sabuni iliyomo ndani ya oili yenyewe itayeyusha tope kidogo kidogo na filta italishika. Gharama inauma, lakini ni ndogo kuliko kufungua injini.

Kwenye injini za Toyota zenye VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kwa shinikizo la oili, tope hilo hilo huleta taa ya injini yenye kodi (msimbo wa hitilafu) kama P0011 au P0012, na injini kukosa nguvu. Kabla ya kununua valvu mpya ya VVT, mwambie fundi atoe kijichujio kidogo cha wavu kinachoilinda valvu hiyo, kilichojificha nyuma ya bolti yake kwenye hedi. Mara nyingi kimeziba tu. Kisafishe kwa petroli, kirudishe pamoja na washa mpya, ile pete ya bolti.

Chini ya kifuniko kuna povu la rangi ya maziwa

Mtu akiona hivi huambiwa papo hapo kuwa hedi gasketi imekwenda. Pengine. Lakini hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na gari linalotoka Ganjoni kwenda Mwembe Tayari na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha mvuke ndani ya injini. Mvuke huo huganda kwenye kifuniko, ambacho ndicho mahali pa baridi kuliko pote.

Tofautisha hivi. Futa povu, kisha tazama dipstiki. Ikiwa oili ya kwenye dipstiki ni safi na kulanti haipungui, endesha gari nusu saa mfululizo, mpaka Mtwapa na kurudi, uangalie tena baada ya wiki. Povu lisiporudi, lilikuwa la mvuke. Ikiwa dipstiki nayo ina rangi ya maziwa, au kulanti inashuka bila kuvuja nje, usiwashe injini tena. Maji yaliyochanganyika na oili hayalainishi beringi za krenki, na kila dakika ya kuendesha inazila.

Kuna sababu ya tatu, ya gari lililozama. Angalia kutu kwenye reli za viti na tope ndani ya mikanda ukiivuta yote nje. Ikiwepo, kagua pia oili ya giaboksi na ya difu, maana maji huingia kwa vitundu vya kupumulia.

Injini inalia asubuhi sekunde mbili tatu, kisha inanyamaza

Filta ya oili ina valvu ya mpira inayozuia oili isirudi sampuni injini ikizimwa. Filta bandia huwa na mpira mgumu au haina kabisa. Usiku kucha oili inashuka, asubuhi injini inazunguka kavu mpaka pampu ijaze filta upya. Badilisha filta kwanza, ya bei nafuu kuliko dawa zote. Ikiendelea kulia hata baada ya oili kupanda, hiyo ni cheni ya taimingi au tenshena yake.

Sababu nyingine ya kelele hizo ni oili nzito kupita kiasi, na hapa tuseme ukweli kuhusu 20W-50. Kauli ya "Mombasa ni joto, tia nzito" imeharibu injini nyingi ndogo. Thamostati huishikilia injini kwenye joto lilelile, uwe Mombasa au Limuru. Nyuzi 32 za kaskazi nje ya gari hazibadilishi sana mambo kwenye beringi. Injini kama 1NZ-FE ya Toyota imetengenezwa na nafasi nyembamba na vitundu vyembamba vya VVT-i. Tia 5W-30 yenye alama ya API SN au SP. 10W-30 nayo inafaa kwa pwani, maana baridi ya kuigandisha hatuna. Gari lililotoka Japani likiwa na kifuniko kilichoandikwa 0W-20 linaweza kutumia 0W-20 hiyohiyo, na kwa safari ndefu za Voi ukiwa na mzigo 5W-30 ni chaguo la busara. 20W-50 iachie injini za zamani ambazo kitabu chake kinaitaja.

Injini iliyochoka ni habari nyingine. Ikiwa inakula oili, panda hatua moja tu, mpaka 10W-40, na upime.

Oili inapungua na chini hakuna tone

Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, pima tena baada ya 1,000. Watengenezaji wengi huona lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndio ukingo wa mwisho; chini ya nusu lita kwa gari la umri huu unaweza kuishi nayo. Moshi wa buluu wakati wa kuwasha asubuhi tu ni mipira ya valvu. Moshi wa buluu unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Kabla ya kukubali lolote kati ya hayo, chomoa valvu ya PCV, ile ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, na uitikise. Ikilia, nzima. Ikiwa kimya, imeganda, na injini inasukuma oili nje kwa sababu hiyo tu. Ni spea ya bei ndogo inayosahaulika kila siku.

Oili inavuja baada tu ya sevisi? Sababu ni tatu, kwa mpangilio huu: mpira wa filta ya zamani umebaki umeshikamana na injini na mpya ikafungwa juu yake, washa ya bolti ya sampu imerudiwa, au nyuzi za sampu ya aluminiamu zimekatwa kwa kukazwa kupita kiasi. Ya kwanza ni ya hatari, inaweza kumwaga oili yote barabarani. Filta ikazwe kwa mkono: mpira ukigusa, zungusha robo tatu ya mzunguko, basi. Bolti ya sampu ya 1NZ, ya spana namba 14, inataka kama nyutoni-mita 37. Huo ni mkono mmoja kwenye spana fupi. Mtu akirukia spana kwa mguu, mzuie.

Joto linapanda

Dalili hii ndiyo inayoua injini nyingi pwani, na jibu lote liko kwenye swali moja: linapanda ukiwa umesimama au ukiwa mwendoni?

Likipanda kwenye foleni ya feri Likoni na kushuka ukianza kutembea, tatizo ni hewa. Washa esi (kiyoyozi) gari likiwa limesimama: feni ya redieta lazima izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei, kisha mota ya feni. Ikizunguka lakini joto bado, chungulia kati ya kondensa ya esi na redieta. Hewa ya chumvi huzila zile pezi nyembamba zikawa unga, na vumbi na wadudu huziba zilizobaki. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya kuoshea magari ya shinikizo kubwa huzilaza pezi zote, ukawa umeziba mwenyewe.

Likipanda mwendoni, hasa kupanda Mazeras kuelekea Mariakani na abiria wanne, tatizo ni mzunguko wa maji: redieta imeziba ndani, thamostati imekwama, pampu ya maji imechoka au gasketi inapitisha moshi kwenye maji. Fungua redieta ikiwa baridi, washa injini. Mapovu yanayopanda mfululizo bila kukoma, au mpira wa juu, lile bomba nene linaloingia redieta, kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, ni gasketi. Fundi mwenye kipimo cha dawa ya buluu ataiona ikigeuka njano.

Na likipanda popote bila mpangilio, anza na kifuniko cha redieta. Kimeandikwa namba, mfano 1.1. Hilo ndilo shinikizo linaloifanya kulanti ya nusu kwa nusu isichemke hata ikipita nyuzi 120. Mpira wake ukikauka, kulanti inachemka mapema na kumwagikia chupa ya akiba. Weka kipya chenye namba ileile.

Sasa kuhusu kilichomo. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, mtu alikuwa anajaza ya bomba au ya kisima. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na sehemu kubwa ya mwambao wetu ni mawe ya matumbawe, hivyo maji yake ni magumu: yanaacha magamba ndani ya redieta na kuila aluminiamu. Tumia maji ya betri pekee, yale yaliyosafishwa madini, si asidi. Rangi ya kulanti haina sheria. Ya Toyota ya waridi ni ya muda mrefu na huja imeshachanganywa, hautii maji. Ile nyekundu ya zamani ni kali na huchanganywa. Ya Honda ni buluu, ya Nissan huja kijani au buluu. Kampuni nyingine hupaka yao rangi yoyote. Soma maandishi: iwe isiyo na silikati kwa magari ya Kijapani, na iseme kama ni kali au imeshachanganywa.

Kusafisha: injini ikiwa baridi, fungua bomba dogo la chini ya redieta, mwaga. Jaza maji ya betri, washa mpaka feni ijiwashe, zima, acha ipoe kabisa, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kumbuka maji hayatoki yote, mengine hubaki ndani ya bloku. Kwa hiyo, kama mfumo wako unachukua lita 5, tia kwanza lita 2.5 za kulanti kali, kisha malizia na maji ya betri. Hapo nusu kwa nusu inapatikana kweli. Ukitumia iliyochanganywa tayari, itakuwa dhaifu. Acha kifuniko wazi, hita kwenye moto wa juu, minyaminya mpira wa juu, mpaka feni ijiwashe mara mbili. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayomfanya mtu aseme "nimebadilisha kulanti na joto limezidi".

Jambo moja tusilifiche. Gereji nyingi hutoa thamostati na kuitupa, eti pwani haihitajiki. Inahitajika. Bila hiyo injini haifiki nyuzi 80, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli. Gari lako jipya likila mafuta kupita kiasi na mshale wa joto ukilala chini ukiwa mwendoni, ifungue nyumba ya thamostati. Pengine hakuna mtu.

Giaboksi inatetemeka au inachelewa kushika

Rejea kwenye tone lako la tishu. Rangi safi inayopitisha mwanga, mfano waridi au nyekundu: nzima. Rangi ya chai: imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua: klachi zimeshaungua, na oili mpya haizirudishi. Waridi la maziwa: kipozeo kilichomo ndani ya redieta kimepasuka na kulanti imeingia giaboksini, acha kuendesha siku hiyohiyo.

CVT inayotetemeka kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, au inayolia ukipandisha, mara nyingi imetiwa ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia. CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili vyuma hivyo vishikane bila kuteleza. ATF haina kazi hiyo. Mkanda unateleza, unachora puli, na chuma kilichochorwa hakiponi. Ukigundua mapema, kumwaga na kujaza oili sahihi mara mbili tatu huenda kukaiokoa.

Majina ya kuandika kwenye kikaratasi cha dukani ni haya. Toyota: otomatiki za zamani ni ATF Type T-IV, za baadaye ni ATF WS, CVT za mwanzo ni TC, zilizofuata ni FE. Nissan: otomatiki ni Matic-D, J au S, CVT ni NS-2 au NS-3. Honda: CVT za zamani HMMF, mpya HCF-2. WS na T-IV hazichanganywi. Mtungi ulioandikwa "kwa magari yote" tunauamini kwa stiaringi, hatuuamini kwa CVT.

Kubadilisha: mwaga ikiwa ya uvuguvugu ndani ya chombo chenye vipimo. Kwa magari madogo hutoka kama lita 3 hadi 4 tu, nusu iliyobaki imo kwenye kibadilisha-nguvu (torque converter) na puli. Tia kiasi kilekile kilichotoka, endesha siku kadhaa, rudia. Mashine ya kusukuma oili yote nje kwa nguvu usiikubali kwa giaboksi ambayo historia yake huijui. Ukishusha sampu, zile sumaku zikiwa na unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyochoma kidole si kawaida. Osha wavu, weka gasketi mpya. Giaboksi isiyo na dipstiki hupimwa kwa tundu la kufurikia, injini ikiwa imewashwa na oili ikiwa karibu nyuzi 40. Ikipimwa baridi, itakuwa nyingi. Ikipimwa moto wa kuchoma, itakuwa pungufu.

Breki laini

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hapa unyevu hauishi. DOT ni daraja la mafuta hayo: DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205. Ikishanywa maji kwa asilimia 3.7 huchemka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka kutoka Kwale kuelekea Kombani ukishikilia breki, maji hayo huchemka, mvuke unabanwa badala ya mafuta, na pedali inashuka hadi chini. Ukisimama nusu saa breki inarudi, na fundi atakuambia haoni kitu.

Mafuta ya rangi ya chai nzito yabadilishwe, kisha kila miaka 2. Tumia DOT kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 4 inaweza kuingia palipoandikwa 3, DOT 5 haiingii popote hapo kwani ni ya silikoni. Nunua chupa ndogo zilizofungwa, kiasi cha lita 1, na iliyobaki usiiweke. Unapotoa mafuta ya zamani na hewa, kwa kawaida huanzwa gurudumu lililo mbali na masta silinda: kwa usukani wetu wa kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Nipo za kalipa, zile skrubu za kutolea hewa, hushikwa na kutu ya chumvi, zinyunyizie dawa ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi na utumie spana ya pete, vinginevyo utazikata. Yakimwagikia rangi ya gari, mwaga maji mara moja.

Kiwango kikiwa chini, usijaze kwanza. Tazama padi. Padi zikiisha, mafuta hushuka kuzifuata.

Esi, hewa, dizeli na haibridi

Harufu ya uvundo ukiwasha esi: filta ya kabini, nyuma ya kisanduku cha dashbodi upande wa abiria. Baadhi ya magari ya kazi hayana filta hiyo, usijisumbue kuitafuta. Filta ya hewa ya injini ishike mbele ya jua. Mwanga usipopita, nunua nyingine. Kuipuliza kwa kompresa hutoboa karatasi, na vumbi linalopita hukwangua silinda, ubaya kuliko wa filta iliyoziba.

Dizeli ikikosa nguvu au kuwaka taa ya maji ndani ya dizeli, fungua kikoki cha chini ya filta, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, kisha pampu kwa mkono mpaka pampu ya juu iwe ngumu. Dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye eksosi inataka oili ya jivu dogo, JASO DL-1 au ACEA C3 kulingana na kitabu. Nyingine itaziba kichujio hicho.

Haibridi kama Aqua ina filta au wavu wa feni ya betri pembeni mwa kiti cha nyuma. Ukiziba kwa nywele na vumbi, betri kubwa huiva. Inverta ina kulanti yake peke yake, chupa yake tofauti. Breki zake usizitoe hewa kwa njia ya kawaida. Zinataka mashine ya kompyuta.

Cha kununua, na baada ya hapo

Kwa gari la 1NZ-FE lenye CVT: mtungi wa lita 4 wa 5W-30 (injini inachukua 3.7 pamoja na filta), filta ya oili, washa ya sampu, kulanti kali lita 3 na maji ya betri lita 20 za kusafishia, oili ya CVT lita 8 kwa mizunguko miwili, mafuta ya breki lita 1, filta ya hewa, na ya kabini kama ipo. Kagua stika ya KEBS na uitumie namba yake kwa ujumbe mfupi kwa 20023. Mtungi wenye mfuniko uliokwisha kufunguliwa rudisha hapohapo. Mitungi mitupu itoboe kabla ya kutupa, kwani ndiyo inayojazwa tena.

Fanya kwa mpangilio: breki kwanza, kulanti, oili ya injini, giaboksi mwisho, na si vyote siku moja. Ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja na sauti mpya ikazuka, hutajua imetoka wapi. Baada ya kilomita 1,000 chukua tishu nyingine, dondosha matone upya, uyalinganishe na picha za siku ya kwanza. Kisha oili ya injini kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Gari la foleni za Makupa na Changamwe hukesha likinguruma bila dashbodi kuhesabu.